Mama Mkwe kwenye Meza ya Kuzunguka

Kitu cha kwanza Bhoke alichokiona ni kwamba meza haikuwa na pembe. Wenzake walikuwa wakitazama taa nyekundu zilizoning'inia darini kama maboga yaliyoiva. Baba Mkubwa Maroa alikuwa ameinama mbele ya tangi la kioo lenye samaki wa rangi ya chungwa, akiuliza kwa nini mtu afuge samaki wasiotosha hata mboga ya mtoto. Bhoke aliitazama meza. Ilikuwa duara kama ungo, pana, na juu yake katikati kulikuwa na duara lingine la kioo. Meza yenye pembe ina upande wa huku na upande wa kule, na mtu akitaka anaweza kukaa huku akajifanya hayupo kule. Meza hii ilikuwa na upande mmoja tu, nao ulikuwa wa kila mtu.

Hakusema kitu. Bhoke hakuwa mtu wa kusema kitu.

"Mama Mei," Levis alimwita mwenye mkahawa kwa sauti ya chini, "mimi nilisema meza mbili."

Levis alikuwa mchumba wa Bhoke, fundi wa vigae kutoka Rangwe, upande wa Homa Bay. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkahawa huu ulikuwa nje kidogo ya mji wa Migori, kwenye barabara ya kwenda Uriri, mahali ambapo walimu na wauguzi wamenunua viwanja na kujenga nyumba za mawe zenye mageti meusi. Levis ndiye aliyeweka vigae vya sakafu yake. Aliijua sakafu ile kipande kwa kipande, lakini hakuwa amerudi tangu meza ziletwe.

"Ulisema mbili, nikasikia," Mama Mei akajibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, aliyekuja kutoka Uchina miaka mingi iliyopita na kujifunza Kiswahili chake sokoni, akinunua kabichi na tangawizi, kwa hiyo alikizungumza kama mtu anayekataa bei. "Lakini uliniambia ni mambo ya ndoa. Kwetu watu wakija kuunganisha watoto, unawakalisha meza mbili? Unataka waachane kabla ya supu? Nimekupa meza kubwa. Mwalimu mkuu ameiomba asubuhi nikamnyima."

"Nipe basi zile ndogo za kule nyuma."

Mama Mei akamwonyesha kwa kidevu. Kule nyuma kulikuwa na sherehe ya ubatizo wa mapacha. Kila kiti kilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na mtoto wa mtu mwingine magotini.

Levis akageuka akamtazama Bhoke kwa macho ya mtu aliyepima chumba vizuri kisha vigae vikapungua.

Ilikuwa hivi. Kwa Wakuria, watu wa kina Bhoke, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huoneana soni. Hawashikani mikono, hawapitiani karibu, na kula pamoja ndiyo hawali kabisa. Mkwe hamwoni mama wa mkewe akitafuna, na sahani aliyoigusa huyu, yule haiwekei kidole. Kwa Wajaluo, watu wa kina Levis, heshima hiyo nayo ipo. Kwa mengine yote watu hawa wawili wangeweza kubishana mpaka kuku walale, ila kwa jambo hili walikubaliana bila mkutano.

Na Levis ndiye aliyeleta wazo la mkahawa. Miezi mingi ilikuwa imepita familia zikisubiriana. Shangazi yake, Awino, aliyemlea na ambaye Levis alimwita Waya, yaani shangazi kwa Kijaluo, alisema hapandi milima ya Kehancha kumfuata mwanamke asiyemjua, kwani mbuzi hanunuliwi ndani ya gunia. Baba Mkubwa Maroa akajibu kwamba mama wa binti wa Kikuria hateremki Rangwe kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Ndipo Levis akafikiri, akafikiri sana, akasema: tutafute mahali ambapo si kwa mtu. Mkahawa wa Kichina hauna zizi, hauna boma, hauna kaburi la babu uani. Mila itaingilia mlango gani?

Mama yake Bhoke alikubali kwa maneno machache. "Nitakuja. Nitakula. Nikitoka hapo nitasema ndiyo au hapana." Na hapana ya Mama, tangu Bhoke azaliwe, haikuwahi kurudi nyuma hata siku moja.

Sasa Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake kifuani, leso imefungwa imara, uso umeelekezwa kwenye mtungi wa maua. Alikuwa ameiona meza. Alikuwa amemwona Levis. Kwa hiyo aliutazama mtungi kana kwamba ni jamaa yake.

"Turudi nyumbani," akamwambia Bhoke kwa Kikuria.

Waya Awino hakujua Kikuria, lakini lugha ya mtu anayetaka kuondoka inajulikana kote. "Yaye! Hakuna kuondoka!" akasema kwa Kiswahili, mikono kiunoni. "Dada yangu, umeshaingia. Ukiondoka kwa meza ya uchumba kabla ya kula, umeitupa hiyo ndoa kwa shimo. Hata kwenu ni hivyo, au ninadanganya?"

Baba Mkubwa Maroa aliwaacha samaki, akafikiri. "Hadanganyi," akasema kwa huzuni. Kisha akavuta hewa kwa pua, maana jikoni kulikuwa kunakaangwa kitu. "Hadanganyi hata kidogo. Ni lazima tule."

Basi ikawa hivyo. Kuondoka ni mwiko na kula ni mwiko, na mtu hawezi kusimama mlangoni mpaka azeeke. Walikaa. Mama alichagua kiti cha mbali kabisa na Levis, lakini kwenye meza ya duara kiti cha mbali kabisa ndicho kinachotazamana uso kwa uso. Alipogundua hilo tayari alikuwa ameketi. Akanyoosha mkono, akachukua menyu.

Menyu ya Mama Mei ilikuwa kubwa, ngumu, imefunikwa plastiki, na ukiifungua inasimama kama mlango wa choo. Mama akaisimamisha mbele yake, akapotea. Likabaki fundo la leso peke yake, kama mlima kwa mbali.

Levis naye akageuza kiti chake, akaelekea ukutani.

"Naona vigae vimekaa sawa," akauambia ukuta.

"Vimekaa sawa," Baba Mkubwa akamjibu kwa heshima. "Nani aliviweka?"

"Mimi."

"Basi vimekaa sawa sana."

Bhoke alikuwa katikati, mkono wake wa kulia ukiwa kwa mama yake na wa kushoto kwa Waya Awino. Alitamani ardhi ipasuke, ila alikumbuka ni Levis aliyeweka sakafu, na kazi ya Levis haipasuki.

Vyakula vikaja. Mama Mei alivipanga kwenye duara la kioo: kuku aliyekatwa vipande vidogo vidogo na njugu, nyama ya ng'ombe na pilipili hoho, kabichi inayong'aa, bakuli la wali mweupe wa kunata, na sahani ndefu ya vitu vyembamba vya rangi ya fedha, vilivyokaushwa kwa mafuta pamoja na pilipili.

Waya Awino akaisogelea ile sahani ndefu, akaitazama kwa jicho moja, akaitazama kwa la pili.

"Hii ni omena."

"Omena," Mama Mei akakubali kwa fahari. "Ya Muhuru Bay. Chakula cha wageni."

"Nimetoka Rangwe," Waya Awino akasema taratibu, "nimepita Homa Bay yenyewe, nimeacha ziwa mgongoni, nikavaa viatu hivi vinavyonibana, nije kula omena, dagaa wa kila siku?"

Bhoke aliinamisha kichwa. Omena zile zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyeziuza, kwenye kibanda chake cha soko la Migori, na aliwajua wale samaki kama mtu anavyowajua watoto wa jirani. Hilo nalo hakulisema.

Vijiti viliwekwa pia. Baba Mkubwa akachukua viwili, akavipima mkononi. "Ng'ombe wangu wote nawachunga kwa fimbo moja," akasema. "Wali nao unataka fimbo mbili?" Mama Mei akacheka, akamletea kijiko.

Mambo yalianza vizuri. Bhoke alimpakulia mama yake nyama kidogo, sahani ikapita nyuma ya menyu, na nyuma ya menyu kukawa kimya cha kula. Levis akanyoosha mkono bila kugeuka, akachota kuku aliyekuwa mbele yake. Kila mtu alikuwa na upande wake. Bhoke alianza kupumua.

Ndipo Baba Mkubwa Maroa akaitaka kabichi. Kabichi ilikuwa mbali. Akaushika ukingo wa kioo ili ajivute asimame, na kioo kikatembea.

"Aa!" akasema.

Akakivuta tena. Kikatembea tena. Kabichi ikamjia yenyewe, bila kuitwa, kama ndama aliyezoea. Uso wa mzee ukang'aa kama wa mtu aliyepewa redio.

"Inazunguka! Mura, kijana, umeona? Inazunguka!"

"Baba Mkubwa, polepole," Levis akauambia ukuta.

Lakini mzee alikuwa ameshapata mkondo. Akakizungusha. Kuku wa Levis akaenda akasimama mbele ya menyu. Nyama ya Mama ikaja ikasimama mbele ya Levis. Levis, ambaye alikuwa akichota bila kutazama, akachota, akapeleka mdomoni.

"Tema!" Waya Awino akapiga kelele. "Levis, tema! Hiyo imetoka kwa mama mkwe!"

Levis akatema kwenye tishu. Nyuma ya menyu kijiko kikaanguka, maana Mama naye alikuwa tayari ameshamega kuku.

Hapo Waya Awino akajipa kazi. Alivuta kiti mbele, akakunja mikono ya gauni, akawa refa. Alikuwa na kumbukumbu ya mwanamke aliyegawa nyama kwenye matanga mengi bila ugomvi. "Kuku amepita kwa wote wawili, kuku ameharibika. Nyama, imeharibika. Kabichi? Kabichi bado ni ya Levis. Mzee, usizungushe! Omena, ni nani amegusa omena?"

"Mimi," Baba Mkubwa akasema.

"Wewe si hesabu. Nauliza hawa wawili."

"Na hiki kilichoharibika kinaenda wapi?" mzee akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja.

"Hakuna anayeweza kukila. Labda wewe."

"Basi nitasaidia," Baba Mkubwa akasema, akavuta bakuli zima la kuku.

Tangu hapo ikawa bahati ya ajabu kwamba kioo kila mara kiliteleza kidogo. Levis akitaka kugusa kabichi, kioo kinasogea, na kabichi inaenda kwa Mama. Mama akitaka omena, omena imeshafika kwa Levis. "Samahani," Baba Mkubwa anasema, "mkono wangu una mafuta." Na Waya Awino anatangaza: "Imeharibika!" Na mzee anavuta sahani kwake, akitikisa kichwa kwa masikitiko, na anakula. Watu wa ubatizo waliacha kuwatazama mapacha, wakawa wanatazama meza ile.

Baada ya muda Levis alikuwa na wali mtupu, na Mama alikuwa na pilipili hoho mbili.

Waya Awino aliona ni vyema ajaze kimya kwa maneno. "Dada yangu huko nyuma ya mlango," akaiambia menyu, "usione kijana wangu anatazama ukuta ukadhani ni mjinga. Huyu ni mvuvi. Alimwona binti yako, akatega. Alimfuata, akamfuata, mpaka akamshika. Binti mwenyewe hata neno hakusema. Si ni kweli, nyathina, mwanangu?"

Masikio ya Levis yakawa mekundu. "Ni kweli, Waya. Ni mimi nilimfuata."

"Unasikia? Sisi ndio tulifuata."

Bhoke aliutazama wali wake. Aliijua mikono ya mama yake iliyokuwa imeshika menyu ile, na vidole vilikuwa vimekaza. Vidole hivyo hukaza hivyo Mama anapokaribia kusema hapana. Bhoke alifungua mdomo. Hewa ikatoka, neno likabaki.

Mama Mei akaleta samaki.

Alikuwa ngege mzima, amepikwa kwa mvuke, ana kichwa na mkia, tangawizi imelala mgongoni kama nyasi zilizokatwa. Mama Mei alimweka juu ya kioo, akakigeuza kidogo kidogo mpaka kichwa cha samaki kikaelekea kwenye menyu.

"Kichwa kinamtazama mkubwa," akasema. "Mkubwa akianza, ndio wengine wale."

Sasa, Mama alizaliwa na kukulia kwa watu wa ng'ombe. Samaki wenye miba alikuwa amewaona zaidi kuliko alivyowala. Lakini alikuwa ameitwa mkubwa mbele ya watu, na tumboni alikuwa na pilipili hoho mbili. Kijiko kikatoka upande wa menyu, kikamega kipande kikubwa ubavuni mwa samaki, kikarudi.

Halafu menyu ikaanza kutetemeka.

"Anacheka," Waya Awino akanong'ona kwa furaha. "Levis, mama anacheka! Mambo yanaenda vizuri."

"Anacheka nini?" Levis akauuliza ukuta.

"Amefurahi tu."

Bhoke akachungulia pembeni. Mama hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, shingo imenyooka, na mkono mmoja ulikuwa unapiga meza polepole, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua.

"Mwiba," Bhoke akasema, lakini kwa sauti yake ya kila siku, ambayo hata nzi haimshtui. Hakuna aliyesikia. "Mwiba!"

Waya Awino akaruka. "Mwiba! Amekwama mwiba! Ugali, leteni ugali! Mtu akimeza tonge la ugali mwiba unashuka!"

"Hapa hakuna ugali," Mama Mei akasema, naye ameshika kichwa. "Kuna tambi."

"Tambi itashusha nini? Tambi yenyewe ni mwiba!"

Levis alikuwa amezaliwa karibu na ziwa. Kumwambia mtoto wa Homa Bay kwamba kuna mwiba kooni ni kama kumwambia zimamoto kwamba kuna moshi. Alisahau ukuta. Akageuka na kiti chake, lakini macho ameyafumba kabisa kwa ajili ya soni, na kwa macho yaliyofumbwa akatia mkono kwenye bakuli lake la wali. Wali ule ulikuwa wa kunata. Akaufinya, akaufinyanga, akauviringisha kiganjani mpaka ukawa tonge gumu, laini juu, kama lililotoka kwenye sufuria ya nyumbani. Akalinyoosha mbele.

Hapo akakwama. Mkono wake hauwezi kwenda kwa mama mkwe. Mkono wa mama mkwe hauwezi kuja kwake. Katikati yao kulikuwa na samaki.

"Kioo!" akasema. Akapapasa, akaliweka tonge juu ya kioo, akakisukuma.

Kioo hakikwenda.

Akakisukuma tena kwa nguvu za fundi. Hakikwenda. Upande wa pili Baba Mkubwa Maroa alikuwa amelikumbatia bakuli la kuku, na bakuli lilikuwa juu ya kioo, na mzee alikuwa akitafuna mfupa wa mwisho kwa amani ya mtu ambaye hakuna anayemwita.

"Baba Mkubwa!" Bhoke akasimama. Kiti chake kikaanguka nyuma. "Achilia kuku!"

Sauti ile ilifika jikoni. Ilifika kwa mapacha, wote wawili wakanyamaza kulia. Baba Mkubwa aliachilia kuku na mikono akainua juu, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Kioo kikafyatuka, samaki akapita, omena zikapita, na tonge likafika likasimama mbele ya Mama sawasawa. Menyu ikaanguka. Mama akalichukua tonge, akalimeza bila kulitafuna, akafumba macho, akashika koo.

Kila mtu akasubiri.

"Umeshuka," Mama akasema.

Watu wa ubatizo wakapiga makofi. Mama Mei akakaa kwenye kiti cha mtu mwingine na kujipepea na sahani. Na Levis, aliposikia neno lile, alisahau, akafumbua macho. Mama naye alikuwa amefumbua yake. Kwa muda wa kupepesa jicho mkwe na mama mkwe walitazamana uso kwa uso, menyu ipo chini, mmoja ana wali kidoleni na mwingine ana punje mdomoni. Kisha Mama akaiokota menyu, na Levis akarudi ukutani kwa haraka hata akagonga paji la uso.

Baba Mkubwa akajipangusa mdomo. Alikuwa mkubwa wa familia, na jambo lilikuwa limetokea ambalo lilihitaji mkubwa.

"Mama mkwe amekula kutoka mkononi mwa mkwe," akasema kwa sauti nzito. "Kabla ya ng'ombe hata mmoja wa mahari kuvuka. Jambo hili sijalisikia tangu nizaliwe. Dawa yake ni nini?"

"Mkono haukugusa mkono," Waya Awino akasema upesi. "Levis aliliweka chini. Ni kioo kilichompa."

"Na kioo ni cha nani?"

"Ni cha Mama Mei."

"Basi ni Mama Mei amemlisha."

"Ndiyo. Na Mama Mei si mkwe wa mtu hapa."

"Lakini wali ulifinyangwa na nani?"

"Mzee, wewe uliyeshikilia kuku mtu akifa, unauliza wali ulifinyangwa na nani?"

"Nyamazeni," ikasema menyu.

Sauti ya Mama ilikuwa imekwaruzwa na mwiba, lakini ilikuwa ni sauti ile ile ambamo hapana yake hutoka.

"Nilisema nitakula kisha nitasema. Nimekula." Akameza mate kwa uangalifu. "Na kwa kijana huyu sina neno. Ana soni. Amefumba macho hata mimi nikiwa nakufa, na bado mkono wake ulijua la kufanya. Huyo ni mtu. Neno langu liko kwa binti yangu."

Bhoke alikuwa bado amesimama. Alitaka kukaa, ila kiti kilikuwa chini.

"Tangu mambo haya yaanze nimesikia kila mtu," Mama akaendelea. "Nimemsikia shemeji yangu. Leo nimemsikia shangazi. Kijana alimfuata, kijana alimtega, kijana alimshika. Samaki ndiye anayefuatwa hivyo, na hata samaki hujibu kwa mwiba wake. Mimi nilipoolewa wazee walimaliza maneno yao, mimi nikaambiwa nifunge nguo. Sikuulizwa. Marehemu alikuwa mtu mwema, nashukuru, lakini sijaulizwa mpaka leo. Nikaapa wangu nitamsikia kwa mdomo wake. Sasa mwaka umeisha na huyu hajasema kitu. Nikisema ndiyo, nimeisema kwa niaba ya nani? Nikitoka hapa sijasikia, jibu ni hapana, na pole kwa vigae."

Levis hakusogea. Lakini Bhoke aliuona mgongo wake, shati lile lililosimama lenyewe, likianza kushuka mabegani.

"Dada, mtoto ana haya," Waya Awino akaanza. "Mimi nitasema kwa..."

"Hapana," Bhoke akasema.

Waya Awino akafunga mdomo. Baba Mkubwa akarudisha mfupa kwenye sahani.

Bhoke aliushika ukingo wa meza. Alikuwa ameacha shule darasa la sita, na tangu hapo alizoea kwamba maneno ni ya watu wengine, yeye ni mtu wa kupima omena na kunyamaza. Lakini leo alikuwa ameshapiga kelele kuhusu kuku mbele ya watu wa kanisa, na hakuna kilichopasuka.

"Mama," akasema, "hawajui. Hata Levis hajui."

"Hajui nini?"

"Nyumba ile ya Uriri aliyokuwa akiweka vigae, mwaka jana. Haikuwa na watu. Haikuwa na mlango, haikuwa na jiko. Hakukuwa na mtu wa kununua omena pale, na mimi nilijua." Uso ulikuwa unamwaka, lakini maneno yalikuwa yameshashika njia, kama kioo kile kilipoachiliwa. "Nilimwona siku ya kwanza kwa bahati tu, amepiga magoti, anapangusa kigae kimoja kwa shati lake. Kesho yake nikarudi. Nilikuwa naacha wateja sokoni, nabeba beseni kichwani mpaka Uriri, nasimama nje ya nyumba tupu naita omena, omena, ili ageuke. Siku nyingi hakugeuka. Alipogeuka akanunua kikombe kimoja, akafikiri ameniona."

Kule ukutani, kiti cha Levis kilikuwa kimeanza kugeuka, polepole, na safari hii hakuna aliyemkemea.

"Hakunitega mtu, Mama. Mimi ndiye niliyemfuata. Na kama wangempa kazi Rongo, ningelibeba lile beseni mpaka Rongo."